Kukunja misumari sio ndumba, ila ujue kwanza unakunja chuma gani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba hawa vijana wanaokunja misumari kwa mikono wanatumia ndumba, na kwamba wazazi wa huku Moshi tuwe macho watoto wetu wasije wakaingizwa kwenye mambo ya giza. Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi huku Majengo, vijana wananiita Mangi kama wanavyowaita wenye maduka wote, misumari naishika kila siku, na mwenyewe huwa nakunja na Jumapili kanisani naenda kama kawaida. Sa nikisoma gazetini kwamba nina majini inabidi niseme kitu.

Hii kitu ni mazoezi, tena ya zamani. Kuna jamaa alikuwa anaitwa Joe Greenstein, kazaliwa Polandi mwaka 1893 akafariki Marekani 1977, jukwaani walimuita The Mighty Atom, alikuwa mfupi na mwepesi, hata kilo 70 hafiki, na alikuwa anakunja vyuma na viatu vya farasi na kukata misumari kwa meno (hilo la meno wadogo zangu liacheni, kung'oa jino ni hela). Na hukohuko Marekani kuna kampuni inaitwa IronMind inauza vipande vya chuma vimepangwa kwa rangi kuanzia kilaini mpaka kigumu, cha mwisho ni chekundu, wanakiita Red Nail, urefu wake inchi 7 na unene 5/16 ya inchi ambayo ni karibu milimita 8. Ukitaka jina lako liingie kwenye orodha yao unakikunja ndani ya dakika moja mpaka zile ncha mbili zibaki zimeachana inchi 2 au pungufu, shahidi akiwepo. Hamna kafara, hamna chale, ni mtu na chuma chake.

Ila nimpe msomaji haki yake kidogo. Kuna watu wanazunguka kwenye magulio na stendi na msumari wa inchi 6, wanaukunja mbele za watu bila hata kutoka jasho, alafu wanaanza kuuza mafuta ya kupaka mikononi eti ndo yanayoleta nguvu. Mtu akiona vile lazima aseme uchawi. Mi nasema ni utapeli, na unafanyika hivi: ule msumari umepikwa. Msumari wa kawaida unatengenezwa kwa waya uliovutwa ukiwa baridi, yani waya unapitishwa kwenye tundu dogo kuliko wenyewe mpaka unakuwa mwembamba, na kule kuvutwa ndo kunaufanya uwe mgumu. Sa mtu akiutia kwenye jiko la mkaa ukawa mwekundu kabisa, akauacha upoe taratibu ndani ya majivu, ule ugumu unatoka wote, unabaki umelegea. Mafundi wote wanaijua hii hata kama hawajawahi kuifikiria, maana ule waya mweusi wa kufungia nondo ni chuma kilichopikwa hivyohivyo kiwandani, ndo maana unausokota na plaizi kirahisi na haukatiki. Msumari uliopikwa unapoteza mng'ao, unakuwa mweusi mweusi au rangi ya majivu, ila wajanja wanausugua na msasa unarudi kung'aa, kwahiyo kuangalia kwa macho hakutoshi. Dawa yake ni moja tu, msumari utoke dukani mbele ya wote, ununuliwe na mtu wa kwenye umati sio na yeye. Akikataa mjue, na mafuta yake muacheni nayo.

Sasa nirudi kwa wale vijana wa kweli, ambao mi ndo wananiumiza kichwa kuliko matapeli, kwasababu wanaangalia kwenye simu klipu ya mzungu mmoja mwenye mikono minene anakunja kitu kinene, wanakuja dukani moja kwa moja wanataka nondo ya milimita 10 au 12. Nikimwambia mdogo wangu anza na ya 6 ananiona namdharau. Wengine wanakuja na akili ya kinyume chake, "Mangi shikamoo, nipe ule wa inchi 4, ule mdogo, nianze nao." Wote wawili wamekosea na nataka nieleze kwanini, maana hapa ndo pana siri yote ya huu mchezo.

Ugumu wa kukunja chuma haupandi sawasawa na unene. Unachukua unene mara unene mara unene. Chuma cha milimita 6 unapiga 6 mara 6 mara 6 unapata 216. Cha milimita 8 unapata 512. Yani kwa macho umeongeza milimita 2 tu ambazo hata hazionekani vizuri lakini mkono unaombwa nguvu zaidi ya mara mbili, urefu ukiwa uleule na chuma kilekile. Cha milimita 10 ni 1000, hapo umeshazidi mara nne na nusu ya kile cha 6, na kijana ndo kwanza anaanza anataka hicho! Lazima aumie, au akikunje kwa kukiegemeza kwenye goti apate alama nyeusi kwenye paja wiki nzima alafu aseme amekunja kwa mikono.

Upande wa pili ni urefu. Chuma kirefu ni rahisi kukunja kuliko kifupi cha unene uleule, kwasababu mikono inakaa mbali na katikati na unapata nguvu ya wenzo, fundi yeyote aliyewahi kuvisha bomba kwenye spana ili afungue nati ngumu ananielewa. Msumari wa inchi 4 una sentimita 10 na unene wa karibu milimita 4 na nusu, ni mwembamba ndio, lakini viganja viwili vya mwanaume mzima havienei hapo, unabaki umeshika kwa vidole na kichwa cha msumari kinakuchoma kiganja. Wa inchi 5 una karibu milimita 5 na nusu, wa inchi 6 una milimita 6 hivi, viwanda vinapishana kidogo, na ukipiga hesabu ya unene pamoja na urefu unakuta hao wawili wanakaribiana sana, wakati dukani kila mtu anadhani wa 5 ni mtoto wa wa 6.

Kwahiyo mi nashauri uanze sio na msumari kabisa. Chukua nondo ya milimita 6 ile laini isiyo na mistari, ile ambayo mafundi wanakunjia ringi za nguzo, vipande vyake vimejaa kwenye kila site. Hiyo ni laini kuliko msumari wa unene uleule kwasababu wakati wa kutengenezwa inapitishwa kwenye mashine ikiwa ya moto, haijavutwa baridi. Kata kipande cha sentimita 25 kwa msumeno wa chuma, ncha zote mbili zipige tupa mpaka zisikwaruze. Hicho ukikikunja mpaka ncha zikaribiane, kingine kata sentimita 22, kingine 20, unashuka hivyohivyo mpaka 18 ambayo ndo karibu na inchi 7 za wale wa Marekani, na mwisho 15. Unapunguza urefu kwanza kabla hujaongeza unene. Ukishakiweza cha sentimita 15 bila kuhangaika ndo unaugusa msumari wa inchi 6, na utaona kwamba pamoja na kufanana unene msumari una kiburi zaidi. Ya milimita 8 unarudi tena kwenye urefu wa 25 unaanza upya kushuka. Na msije mkakunja 8 ya nondo laini ya sentimita 18 mkasema mmefikia Red Nail, ile chuma yake nayo ni ya kuvutwa baridi, vipimo vinafanana lakini ugumu haufanani kabisa.

Mikono mitupu hapana. Watu wanadhani kufunga kitambaa ni uoga, hapana, hata hao mabingwa wanafunga, maana bila hivyo kinachokuzuia sio nguvu ni maumivu ya chuma kuzama kwenye nyama. Nenda kwa fundi viatu muombe vipande viwili vya ngozi laini, upana wa kiganja na urefu wa kuzungusha mara mbili tatu, kila ncha ya chuma unaizungushia ya kwake na kuibana isiteleze. Ngozi ikikosekana, jinzi kuukuu ya mtumba wa soko la Memorial inafanya kazi, ikunje mara mbili. Mikono iwe mikavu, wenye jasho jingi wapake chaki. Katikati pa chuma pabaki wazi, hapo ndo panapokunjika, na mkimaliza msipashike, panakuwa pa moto kweli sio utani, chuma kikikunjwa haraka kinapata joto.

Namna ya kushika zipo kadhaa, mi nazijua tatu. Ya kwanza ambayo watu wengi wanaipenda, viganja vyote vinatazama chini, chuma kipo mbele ya kifua chini ya kidevu, viwiko vimetanuka, vidole vya shahada vya mikono yote miwili vinakaribia kugusana katikati. Hapo unabana kwa nguvu zako zote, alafu katikati unasukumia mbele na ncha unazirudisha kwako, na nguvu nyingi inatoka kwenye vifundo vya mikono na kifua na mabega, sio vidole peke yake. Ya pili viganja vinatazama juu, vidole vidogo ndo vinakutana katikati, chuma kipo usawa wa tumbo, hii inataka vifundo vya mikono vyenye nguvu sana na mimi binafsi siipendi. Ya tatu kiganja kimoja kinatazama juu kingine chini. Jaribuni zote na kile chuma chepesi cha sentimita 25, mwili wenyewe utachagua.

Kazi yenyewe ina vipande vitatu. Pale mwanzo chuma kimenyooka, hakitaki kabisa, unasukuma sekunde kadhaa unaona hamna kitu alafu ghafla kinalegea kidogo, hapo ndo pagumu na hapo ndo wengi wanakata tamaa wakati walikuwa wamebakiza kidogo tu. Kikishakubali, usipumzike, endelea nacho mpaka kifike kona ya mraba. Sehemu ya mwisho ni kukamua, mikono imeshakaribiana, unaingiza vidole vya mkono mmoja kwenye vya mwingine unabana viganja kwa kifua kama unataka kupasua nazi katikati yake. Vijana wengi wanaishia kwenye kona ya mraba wanapiga picha wanatupia mtandaoni, kumbe kukamua ndo kunakojenga kifua na ule mshiko wenyewe.

Sasa hili la misumari ya zege naomba Mhariri kama unaweza uliandike kwa herufi kubwa. Ile misumari ni chuma kilichopikwa na kupozwa makusudi kiwe kigumu kiweze kuingia ukutani, sio kama ile kupika ya kulegeza niliyosema juu, hii ni kinyume chake. Haikunjiki, INAKATIKA, na ikikatika kipande kinaruka hujui kinaelekea wapi, na uso wako upo sentimita chache kutoka hapo. Mi mtu nikishamjua ananunua kwa ajili ya kukunja simuuzii hata alete noti ya elfu kumi. Hivyohivyo vipande vya tupa za zamani, vipande vya spring za gari na bolti zenye alama za ugumu kwenye kichwa, wekeni pembeni. Miwani ya mafundi wa kuchomelea ile nyeupe ya kusagia ni bei ya soda chache, ivae hata kwa msumari wa kawaida.

Alafu kuna kupumzika, ambako hakuna anayetaka kukusikia. Msuli unakua haraka lakini kano zinazoshikilia huo msuli kwenye mfupa zinachelewa sana, kwahiyo wiki za mwanzo unajiona una nguvu za kukunja kila siku na ndo hapo unaanza kusikia maumivu ndani ya kiwiko au upande wa kidole kidogo kwenye kifundo cha mkono, na hayo yakikuingia hata ndoo ya maji utaisikilizia miezi. Mara mbili kwa wiki inatosha, siku za katikati usiguse chuma. Pasha mikono kwanza na vipande vyepesi. Na ukitoka kubana ufanye na kinyume chake, kata mpira wa tyubu ya baiskeli upana wa kidole, funga kama pete, ingiza vidole vyote vitano alafu vitanue taratibu mara nyingi nyingi, upande wa nyuma wa kigasha, yani mkono kati ya kiwiko na kiganja, nao upate kazi. Hiyo ya tyubu inaonekana ya kitoto lakini wanaoipuuza ndo haohao wanaokuja kwangu wamefunga bandeji. Watoto wa shule ya msingi waachwe wacheze mpira.

Tena nisiwadanganye, haya mazoezi hayakupi mwili wa kuvulia shati. Anayetaka mikono minene apige vyuma vya kawaida jimu au abebe mifuko ya saruji kilo 50 kushusha na kupandisha, hiyo inajenga mshiko pia tena unalipwa. Wale wanaokunja ringi site kutwa nzima, wakiwemo kina dada wawili watatu ninaowafahamu, ukiwapa mkono tu unajua, na wao hawajawahi kuangalia klipu hata moja. Kukunja chuma kwa mikono ni ufundi wake peke yake, una sehemu ya nguvu na sehemu ya namna ya kushika na sehemu kubwa ya kuvumilia. Uzuri wake ni kwamba hauhitaji kiingilio wala mashine, na ukimaliza kipande unakiona pale kimekunjika, hakuna mtu wa kukubishia.

Msomaji huyo alisema pia ni uharibifu wa misumari wakati kuna watu wanashindwa kumalizia nyumba. Hapo nilicheka. Kilo ya misumari inayopotea ardhini kwenye site moja kwa uzembe wa mafundi ingetosha kijana kukunja mpaka anaota mvi, na chuma kilichokunjika hakiendi popote, kinauzwa skrepa kwa kilo kama kingine chochote.

Kwako Mhariri nina ombi. Ukurasa wa michezo Jumatatu mpaka Jumapili ni Simba na Yanga, na mimi mwenyewe ni Simba sina ugomvi, lakini mtume mwandishi wenu siku moja aje huku Moshi akae na hawa vijana pale wanapofanyia tizi, apige picha, aandike wanachofanya. Kama kuna wanaotaka kuandaa mashindano ya mtaa basi sheria iwe moja, chuma chote kinunuliwe duka moja siku hiyohiyo, kikatwe kipimo kimoja mbele ya watu, na kila mtu afunge ngozi. Na wakiweka hela za kubeti mi simo.

Na wale wanaokuja dukani kuomba msumari mmoja wa kujaribia: misumari nauza kuanzia robo kilo. Ila vipande vya nondo ya 6 vilivyobaki kwenye kukata viko kwenye ndoo pale mlangoni, chukueni bure, mkishakunja mrudishe nikauze skrepa.

Ni mimi msomaji wenu,
Mangi wa vifaa vya ujenzi,
Majengo, Moshi.